Vumbi lisiloonekana na maziwa ya mtoto

Kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe akila majani yenye harufu kali, maziwa yake nayo hubadilika ladha. Alichokula ng'ombe malishoni asubuhi, mtoto hukionja kikombeni jioni. Katika makala hii tunaeleza jinsi wanasayansi walivyoufuata ukweli huo mdogo ili kuchunguza jambo kubwa na la kutisha, yaani vumbi la mionzi linaloanguka kutoka angani baada ya mlipuko wa bomu la nyuklia au ajali ya kinu cha nyuklia, pamoja na madhara yake kwa watu, wanyama na mimea.

Huenda msomaji akauliza: habari hizi zinatuhusu nini sisi ambao shida zetu ni maji, mbegu na ada za shule? Tunaona zinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, vumbi hili halijui mipaka ya nchi, na baadhi ya nchi za eneo letu zimetangaza nia ya kujenga vinu vya nyuklia. Pili, historia ya vumbi hili inaonyesha kwamba watu wengi waliumia kwa sababu waliojua hatari hawakuwaambia wengine mapema. Hilo ni somo kwa kila jamii, iwe hatari yenyewe ni mionzi, kipindupindu, mafuriko au dawa za kuulia wadudu.

Mionzi ni nini?

Vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Atomu nyingi zimetulia. Nyingine hazijatulia, na katika kutafuta utulivu hutoa nguvu inayosafiri na kupenya vitu. Nguvu hiyo ndiyo tunayoiita mionzi. Haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha, lakini inaweza kupimwa kwa vyombo maalumu.

Mionzi kidogo ipo kila mahali. Inatoka kwenye miamba, kwenye anga za juu, na hata ndani ya miili yetu. Hospitali huitumia kupiga picha za eksirei na kutibu saratani. Tatizo huanza pale kiasi kinapozidi, au pale chembe zinazotoa mionzi zinapoingia na kukaa ndani ya mwili. Mionzi mingi kwa wakati mmoja huua seli, na mtu huugua mara moja: hutapika, ngozi huungua na nywele hunyonyoka. Mionzi ya kiasi cha chini zaidi inaweza kuharibu maelekezo yaliyomo ndani ya seli. Mtu huendelea kuonekana mzima, kisha baada ya miaka mingi seli hiyo inaweza kugeuka saratani.

Bomu au kinu kinapolipuka, chembe hizi hurushwa juu sana pamoja na moshi na vumbi. Upepo huzipeperusha. Baadhi hushuka karibu, nyingine husafiri maelfu ya kilomita na kuteremka na mvua. Hilo ndilo vumbi la mionzi.

Ndani ya vumbi hilo mna aina nyingi za chembe, lakini tatu zimechunguzwa zaidi kwa sababu mwili huzipokea kana kwamba ni chakula:

• Iodini-131. Iodini ndiyo yale madini joto tunayowekewa kwenye chumvi. Tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akiugua rovu, huyahitaji sana. Tezi haiwezi kutofautisha iodini nzuri na ile yenye mionzi. Huikusanya yote.

• Strontiamu-90. Hii hufanana na kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Mwili wa mtoto anayekua huipeleka moja kwa moja mifupani.

• Seziamu-137. Hii hufanana na potasiamu, nayo huenda kwenye misuli, yaani kwenye nyama.

Kila moja ina muda wake wa kupungua. Iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8. Ukiwa na debe moja leo, baada ya siku 8 ni kama umebakiwa na nusu debe, baada ya siku 16 robo, na baada ya siku 80 imebaki takriban sehemu moja kwa elfu. Strontiamu-90 huchukua miaka karibu 29 kupungua nusu, na seziamu-137 miaka 30. Hivyo iodini ni hatari ya majuma machache, lakini nyingine mbili hubaki kwa vizazi.

Majivu juu ya visiwa

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Visiwa vya Marshall, katika Bahari ya Pasifiki. Nguvu ya bomu ilizidi mara mbili ya ile waliyoitarajia. Matumbawe ya kisiwa yalisagika yakawa unga na kurushwa angani pamoja na chembe za mionzi.

Saa chache baadaye unga huo mweupe ulianza kuanguka katika kisiwa cha Rongelap, takriban kilomita 150 mashariki ya Bikini. Watu wa hapo hawakuwa wameonywa. Unga uliangukia vichwa vyao, vyakula vyao na maji yao ya kunywa. Watoto waliuchezea. Usiku na siku iliyofuata watu walianza kuwashwa, kutapika na kuharisha. Baadaye ngozi ziliungua na nywele zikanyonyoka. Waliondolewa kisiwani baada ya siku mbili hivi.

Siku hiyohiyo wavuvi 23 wa Japani walikuwa baharini katika chombo kiitwacho Daigo Fukuryu Maru. Nao walinyeshewa unga huo na wakaugua. Mmoja wao, fundi wa redio Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba 1954. Wanasayansi wa Japani waliuchunguza unga ulioletwa na chombo hicho, na kwa njia hiyo ulimwengu ukaanza kujua kilichomo ndani yake. Wajapani waliuita majivu ya kifo.

Watu wa Rongelap walirudishwa kwao mwaka 1957 wakiambiwa kwamba ni salama. Walikula nazi zao na samaki wao kama zamani. Madaktari wa Marekani walikuwa wakija kuwapima kila mwaka. Kuanzia mwaka 1963 uvimbe ulianza kuonekana kwenye tezi za shingo, hasa kwa wale waliokuwa watoto mwaka 1954. Wengi wa wale waliokuwa na umri wa chini ya miaka 10 walipatwa na uvimbe huo. Hatimaye mwaka 1985 wananchi wenyewe waliamua kukihama kisiwa chao, kwa kuwa hawakuwaamini tena waliowaambia kwamba ni salama. Kwa miaka mingi walikuwa wamepimwa bila kuelezwa vya kutosha. Hapa tunajifunza kwamba utafiti juu ya watu hautoshi. Utafiti unapaswa kufanywa pamoja na watu na kwa faida yao.

Sauti kutoka Lambaréné

Miaka ile mataifa makubwa yaliendelea kulipua mabomu ya majaribio angani. Serikali zao ziliwahakikishia wananchi kwamba vumbi linalorudi ardhini ni kidogo mno. Miongoni mwa waliopinga alikuwemo mchungaji na daktari Albert Schweitzer, aliyekuwa akiendesha hospitali huko Lambaréné, Gabon. Tarehe 23 Aprili 1957 ujumbe wake ulisomwa kwenye redio kutoka Oslo, Norway. Alieleza kwa lugha nyepesi jinsi vumbi linavyoshuka kwenye udongo na majani, likaingia kwa ng'ombe, na kutoka hapo likaingia katika maziwa na mifupa ya watoto. Kutoka hospitali yake msituni Afrika, daktari huyu wa misheni aliufikia ulimwengu mzima.

Baadaye tulipata ushahidi kwamba hata Afrika Mashariki haikuachwa. Mwaka 2000 wanasayansi walioongozwa na Lonnie Thompson walitoboa barafu ya mlima Kilimanjaro ili kujifunza historia ya hali ya hewa. Katika barafu hiyo walikuta tabaka lenye alama ya klorini-36 iliyotokana na majaribio ya mabomu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Pasifiki. Bomu lililipuliwa upande mwingine wa dunia, na alama yake ikahifadhiwa juu ya mlima wetu.

Akina mama na meno ya watoto

Swali lilikuwa hili: je, strontiamu-90 inaingia kweli mwilini mwa watoto, na kwa kiasi gani? Kupima mifupa ya mtoto aliye hai ni vigumu. Lakini kila mtoto hung'oka meno ya utotoni, na jino hutunza kumbukumbu ya kile mama na mtoto walichokula wakati jino hilo linajengwa.

Mwishoni mwa mwaka 1958, katika mji wa St. Louis, Marekani, kamati ya wananchi na wanasayansi ilianza kukusanya meno hayo. Kiongozi wa kazi hiyo katika miaka ya mwanzo alikuwa daktari Louise Reiss. Akina mama walijaza kadi kueleza tarehe ya kuzaliwa mtoto, mahali mama alipoishi wakati wa ujauzito, na kama mtoto alinyonya maziwa ya mama au alipewa ya kopo. Shule, makanisa na madaktari wa meno walisaidia kuyakusanya. Kila mtoto aliyetoa jino alipewa beji ya kuvaa kifuani. Hadi kazi hiyo ilipomalizika mwaka 1970, meno zaidi ya 300,000 yalikuwa yamekusanywa.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa Novemba 1961. Yalionyesha kwamba strontiamu-90 kwenye meno ilikuwa ikiongezeka kadiri majaribio ya mabomu yalivyoongezeka. Baadaye ilionekana kwamba watoto waliozaliwa mwaka 1963 walikuwa nayo mara 50 hivi kuliko waliozaliwa mwaka 1950. Matokeo ya meno haya yalitajwa mbele ya Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1963, lilipokuwa likijadili mkataba wa kusimamisha majaribio ya angani.

Mkataba huo ulitiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963 na Marekani, Uingereza na Urusi ya wakati ule, yaani Umoja wa Kisovieti. Ufaransa na China hazikutia saini na ziliendelea kulipua angani, Ufaransa hadi 1974 na China hadi 1980. Hata hivyo vumbi lilipungua sana, na strontiamu kwenye meno ya watoto waliozaliwa baadaye ikapungua pia. Hatudai kwamba meno peke yake yalileta mkataba. Lakini akina mama wasio na vyeo, kwa bahasha na jino, walisaidia kuleta ushahidi ambao hakuna mkubwa aliyeweza kuupuuza.

Chernobyl: nyasi, ng'ombe, mtoto

Saa 7:23 usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha Chernobyl nchini Ukraine, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, kililipuka na kuungua. Watu wa mji jirani wa Pripyat, karibu 49,000, waliondolewa siku iliyofuata. Lakini serikali haikuutangazia ulimwengu. Tarehe 28 Aprili, mfanyakazi wa kinu cha Forsmark nchini Sweden, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, alipita kwenye kipimo na kengele ikalia kwa sababu ya viatu vyake. Vumbi lilikuwa limemtangulia. Jioni hiyo ndipo redio na televisheni za Kisovieti zilipotoa tangazo fupi.

Wakati huo huo, vijijini Ukraine, Belarus na Urusi majira ya kuchipua yalikuwa yameanza. Ng'ombe walikuwa wametoka kula nyasi mbichi, na vumbi lilikuwa juu ya nyasi hizo. Ng'ombe mmoja hula nyasi za eneo kubwa kwa siku moja, hivyo hukusanya vumbi la eneo hilo lote na kulipeleka kwenye maziwa. Familia nyingi zilikuwa na ng'ombe wao wenyewe, na mama aliwapa watoto maziwa asubuhi na jioni, akiwatakia afya njema. Katika vijiji vingi onyo la kuacha maziwa lilichelewa au halikufika kabisa.

Mtoto aliumia kuliko mtu mzima kwa sababu tatu. Tezi yake ni ndogo, hivyo kiasi kilekile cha iodini huiunguza zaidi. Hunywa maziwa mengi zaidi. Aidha seli zake bado zinagawanyika haraka. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo sisi tunaielewa vizuri: maeneo mengi ya pale yalikuwa na upungufu wa madini joto. Tezi yenye njaa ya iodini hunyakua yoyote inayokuja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto wa Belarus na Urusi ulionyesha kwamba hatari ya saratani iliyotokana na mionzi ilikuwa karibu mara tatu zaidi palipokuwa na upungufu mkubwa wa madini joto.

Baada ya miaka minne hivi madaktari wa Belarus walianza kuona saratani ya tezi ya shingo kwa watoto, ugonjwa ambao kwa kawaida ni nadra sana katika umri huo. Walipoandika habari hizo katika jarida la kisayansi mwaka 1992, wapo wataalamu wa nje waliotilia shaka. Waliona ni mapema mno. Muda ulionyesha kwamba madaktari wale walikuwa sahihi. Kufikia mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali katika Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika walikuwa wamegundulika kuwa na saratani hiyo. Sehemu kubwa ya ugonjwa huo ilihusishwa na maziwa yale. Tunashukuru kwamba saratani hii hutibika ikiwahiwa, na 15 kati yao ndio waliokuwa wamefariki kufikia mwaka huo. Lakini wengi waliobaki wana kovu shingoni, na wengi wao humeza vidonge kila siku ya maisha yao.

Sasa tutazame jirani yao Poland. Vipimo vya Poland viliona mionzi tarehe 28 Aprili. Kesho yake, bila kusubiri maelezo kutoka Moscow, serikali iliamua kugawa dawa ya maji yenye iodini safi ili tezi zishibe kabla ya ile mbaya kuingia. Watoto zaidi ya milioni 10 walikunywa dawa hiyo katika siku chache. Maziwa ya ng'ombe waliokula nyasi yalizuiwa, na watoto wakapewa maziwa ya unga. Poland ilipata vumbi kidogo kuliko Belarus, ni kweli. Lakini watu wake waliambiwa mapema, na watoto wao walikingwa.

Japani nayo, baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, ilizuia maziwa na mboga zilizochafuka ndani ya siku chache. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi imeeleza kwamba watoto wa huko walipata kiasi kidogo sana ukilinganisha na wa Chernobyl.

Wanyama na misitu

Misonobari iliyokuwa karibu na kinu cha Chernobyl ilipata mionzi mingi hata ikafa na kuwa na rangi ya kutu. Mpaka leo sehemu hiyo huitwa Msitu Mwekundu. Miti mingine yenye majani mapana ilistahimili zaidi, na hivyo wanasayansi walijifunza kwamba viumbe havifanani katika kuvumilia mionzi.

Baada ya watu kuhamishwa, wanyama walirudi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba upande wa Belarus kuna kulungu na nguruwe mwitu wengi kama katika hifadhi zisizo na mionzi, na mbwa mwitu mara saba zaidi. Hii haina maana kwamba mionzi haina madhara. Ina maana kwamba shughuli za binadamu, kama kuwinda na kulima, huwapunguza wanyama kuliko tulivyodhani. Watafiti wengine wamekuta mbayuwayu wa Chernobyl, jamaa ya wale wanaotutembelea kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya, wakiwa na mabaka meupe kwenye manyoya, na ndege wachache zaidi mahali penye mionzi mingi. Wanasayansi bado wanajadiliana kuhusu matokeo haya.

Huko Norway na Sweden, jamii ya Wasami hufuga kulungu wanaokula mimea midogo isiyo na mizizi inayotambaa juu ya mawe na ardhi. Mimea hiyo hunyonya maji na vumbi moja kwa moja kutoka hewani, hivyo nyama ya kulungu ilijaa seziamu. Wafugaji wangeweza kupoteza maisha yao yote ya asili. Wataalamu walishirikiana nao wakagundua njia: kuwapa mifugo unga wa rangi ya buluu, ambao kwa kawaida hutumika kutengenezea rangi, ukichanganywa na chakula au chumvi ya kulamba. Unga huo hushikamana na seziamu tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi. Aidha mifugo ililishwa majani safi kwa majuma kadhaa kabla ya kuchinjwa, kwa kuwa mwili hujisafisha taratibu. Katika milima ya Wales, Uingereza, kondoo waliendelea kupimwa kabla ya kuuzwa hadi mwaka 2012, miaka 26 baada ya ajali.

Mambo ya kukumbuka

1. Hatari kubwa kwa walio mbali huja kwa njia ya chakula. Ikitangazwa ajali, wenye mamlaka wakiagiza, mifugo ipewe majani yaliyohifadhiwa ndani, maji yafunikwe, na maziwa mabichi yasitumike kwanza.

2. Muda ni dawa ya iodini-131. Maziwa yaliyochafuliwa na iodini pekee yakifanywa ya unga au jibini na kuhifadhiwa miezi mitatu, iodini hiyo huwa imekwisha. Njia hii haifai kwa seziamu wala strontiamu.

3. Dawa ya iodini hutolewa kwa maelekezo ya wataalamu tu, na kwa wakati maalumu. Haikingi dhidi ya seziamu wala strontiamu. Mwaka 2011 watu wengi nchini China waligombania chumvi madukani kwa uvumi kwamba itawakinga. Chumvi nyingi haikingi, huongeza shinikizo la damu.

4. Hata hivyo, tumia chumvi yenye madini joto kila siku kwa kiasi cha kawaida. Huzuia rovu na kudumaa kwa akili ya mtoto, na tezi iliyoshiba haina njaa ya kunyakua iodini mbaya.

5. Tahadhari na vyuma chakavu. Kwetu vinu ni vya kesho, lakini mashine za mionzi zipo hospitalini na viwandani. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, waokota vyuma walivunja mashine iliyotelekezwa katika kliniki iliyofungwa. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu unaong'aa gizani kwa rangi ya buluu. Watu waliugawa kwa ndugu kama kitu cha ajabu. Wanne walifariki na 249 walichafuliwa. Ukiona chombo kizito chenye alama ya mapanga matatu ya feni yaliyozunguka duara dogo, mara nyingi kwenye rangi ya njano, usikiguse. Waondoe watoto, kisha toa taarifa polisi. Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo inayosimamia mambo ya mionzi.

Mlinzi na tarumbeta

Katika Ezekieli sura ya 33 nabii anapewa mfano wa mlinzi wa mji. Kazi yake si kupigana na adui. Kazi yake ni kuona na kupiga tarumbeta. Akiona hatari akanyamaza, damu ya watu itadaiwa kwake. Tumeuona mfano huo katika habari hizi zote. Huko Rongelap walinzi walinyamaza. Chernobyl walichelewa, na watoto wakanywa maziwa. Poland walipiga tarumbeta. Schweitzer alipiga tarumbeta, na akina mama wa St. Louis walipiga kwa jino moja moja.

Sisi nasi ni walinzi katika vijiji na mitaa yetu. Mwalimu anayejua kisima kimechafuka, mhudumu wa afya anayeona wagonjwa wa aina moja wakiongezeka, mkulima anayeona samaki wakielea mtoni: hawa hawahitaji shahada ili waseme walichokiona. Wanahitaji ujasiri, na wanahitaji kiongozi atakayewasikiliza. Tunawaomba wachungaji, mashehe na viongozi wa vikundi wanaosoma jarida hili wawe wasikilizaji wa namna hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Hatari ikitokea katika eneo letu leo, tungeijuaje? Nani angetuambia, na kwa njia gani?

• Ni hatari gani katika kijiji chetu ambayo baadhi ya watu wanaijua lakini hawaisemi? Wanaogopa nini?

• Watafiti wakija kuchukua damu, maji au udongo kwetu, tuwaombe waturudishie nini?

• Soma Ezekieli 33:1-9. Tarumbeta yetu ni ipi?

Tunawakaribisha mtuandikie mliyojadiliana, ili katika matoleo yajayo tushirikishane. Mungu awape macho ya kuona na ujasiri wa kusema.